Kikosi Kilichokataa Kuanguka

Éliézer alikuwa msukuma machela katika hospitali kubwa ya Jette, Brussels, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba mtu akishalazwa chali na kusukumwa kwenye korido, husema hata yale aliyowaficha ndugu zake. Wengine walimsimulia wake zao, wengine dhambi zao. Mzee Antoine, aliyeletwa Januari ya mwaka 1997 akiwa na goti lililogoma, alimsimulia vita.

"Vita gani?" Éliézer aliuliza kwa adabu tu, maana habari za vita alikuwa nazo za kwake, za kumtosha na kubaki.

"Ya Amerika," alijibu Antoine. "Ya wenyewe kwa wenyewe. Miaka mia na thelathini na kitu iliyopita."

Walikuwa wakizungumza Kifaransa, na Kifaransa cha Antoine kilikuwa cha mwalimu wa historia aliyestaafu, kila neno limepigwa pasi. Alieleza kwamba yeye ni mwenyekiti wa chama cha watu wazima, makarani wa posta, waoka mikate, daktari wa meno mmoja, ambao Jumamosi huvaa sare za enzi zile na kupigana risasi za baruti tupu kwenye uwanja wa majani pembeni ya Evere. Éliézer alibana kicheko mpaka machela ikagusa ukuta wa lifti. Kwao Uvira, Kongo, watu walikuwa wameikimbia vita kwa miguu hadi kucha zikang'oka, na huku kumbe kuna watu wanaipandia basi kwenda kuitafuta.

Lakini safari ya tatu, wakienda kwenye picha ya goti, mzee alifika kwenye lile lililokuwa likimkaa rohoni. Katikati ya vita ile, alisema, watu weusi, wengi wao jana yake walikuwa watumwa, walikwenda wakapanga foleni kujitolea. Waliambiwa hawawezi kupigana. Walipewa sepetu na masufuria. Hawakuondoka. Walikaa palepale kwenye foleni mpaka serikali ikachoka kukataa, vikaundwa vikosi vizima vya askari wa miguu wa kujitolea, weusi, na vikaenda vitani.

"Kikosi hicho sisi hatuna," alisema Antoine. "Miaka saba tunacheza vita iliyopiganwa kwa sababu ya watumwa, na hakuna mtumwa hata mmoja anayesimama kujipigania. Mwaka jana mwenzetu alipendekeza tujipake masizi usoni. Nilimwambia akifanya hivyo nachoma sare yangu mbele yake." Wakafika mlango wa wodi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Hujui watu watakaojitolea?"

Éliézer akacheka, sasa waziwazi. Hata hivyo kikaratasi chenye namba ya simu alikipokea, akakitia mfukoni.

Kwa nini alikipokea, mwenyewe alijua alipofika nyumbani. Alikaa Evere, ghorofa ya nne, na mkewe Carine, na tangu majuzi na mama yake mzazi. Mama Éliézer alikuwa amewasili kutoka Kigoma. Vita ilipoingia Uvira Oktoba iliyopita, yeye na kitindamimba wake Aaron walikimbia pamoja njia ya ziwa. Penye msongamano wa watu Aaron alimwambia, "Maman, tangulia, nakuja," akarudi nyuma kumbeba jirani aliyeshindwa kutembea. Mama akatangulia. Akavuka ziwa akiwa peke yake, na kuanzia siku ile hakuna aliyemwona Aaron, wala aliyemsikia.

Basi pale Evere Mama alijichagulia kigoda kando ya simu kwenye ujia wa nyumba. Hapo alisali, hapo alikula, sahani magotini. Kanisani hakwenda, dukani hakwenda, akisikia lifti inapanda alinyoosha shingo. Kila Jumapili mdogo wake, Tonton Polycarpe, mfanya usafi wa ofisi kule Quartier européen, mtaa wa ofisi za Ulaya, alikuja na maneno yaleyale.

"Dada, tuite batu. Bakuje bakae na weye. Hatuseme amekufa. Ni kukaa tu."

"Batu banakaa chini ju ya maiti," Mama alimjibu. "Mi sijaona maiti. Unataka nikalie nini, hii carrelage ya sakafu?"

Na mambo yakaishia hapo. Kwetu mtu akipatwa, watu huja. Hutandika mikeka, hukaa naye, hupika, hulia na kupiga soga, mpaka ule uzito ugawanyike kila mmoja aondoke na kipande chake. Mama alikuwa ameufunga mlango huo na ufunguo ameumeza. Éliézer hakuomba makubwa. Alitaka siku moja tu amwone mama yake ametoka kwenye kile kigoda, amekaa katikati ya watu, na lile jina Aaron limesemwa kwa sauti. Yeye mwenyewe hakuwa amemlilia mdogo wake. Angelia vipi, na mwenye mtoto hajalia?

Kwa hiyo alipiga ile namba. Saa mbili za kucheza vita kila Jumamosi zilikuwa saa mbili nje ya ile nyumba yenye simu isiyolia.

Kuunda kikosi si kazi ndogo, nawaambia. Éliézer alitangaza kanisani baada ya ibada: ni mchezo, bunduki hazina risasi, sare zinatolewa. Swali la kwanza lilitoka nyuma kabisa: "Na grade?" Walipokutana mara ya kwanza kwenye ukumbi wa parokia, dakika kumi hazijaisha, kikosi kilikuwa na makapteni wanne, makanali wawili na jenerali mmoja. Askari hakuna. Antoine, juu ya magongo yake, alilazimika kueleza kwamba wakati ule weusi hawakupewa uafisa. Afisa alikuwa mzungu, ndiye yeye. Éliézer akatafsiri. Ukumbi ukanuna.

"Donc ile vita haiyaisha," alisema Lukman, kinyozi wa Kirundi mwenye ulimi usiolala. Watu wakacheka, na kwa kicheko kile wote wakakubali kuwa askari wa kawaida, kwa sharti kwamba hakuna atakayemzidi mwenzake hata kifungo.

Tatizo lilibaki kwa Tonton Polycarpe. Mjomba hawezi kuamrishwa "geuka kulia" mbele ya wapwa zake, ni aibu. Wakampa ngoma. Mpiga ngoma haamrishwi na mtu, ndiye anayewaendesha wengine, na Tonton akaivaa ile ngoma kifuani kwa heshima zote.

Burhani ndiye aliyekuwa amewaleta wenzake sita kutoka msikitini, wote Warundi wa Buyenzi, Lukman akiwemo. Alikuwa mlinzi wa mlango katika jengo moja karibu na metro Schuman. "Éliézer, wallahi, kusimama ndiyo kazi yangu," alisema. "Nipeni cheo cha kusimama, hamtajuta." Wakawa kumi na wanane, kumi na mmoja wa Kivu na saba wa Bujumbura, na mkewe Burhani, Nuru, ambaye alikuwa na mimba na cherehani, akachukua vipimo vya suruali zote.

Kutembea gwaride kuliwashinda mwezi mzima. Antoine alihesabu "gauche, droite" mpaka akakauka koo, na bado kila mguu ulikwenda kwa hesabu yake. Siku moja, wakiwa wamechoka, wa Kivu wakaanza pambio la kanisani, na Warundi, ambao pambio lile hawakulijua, wakalidaka kwa mwendo wa kasida. Miguu kumi na minane ya kushoto ikashuka kwa kishindo kimoja. Antoine akafumba macho, akawa anaongoza kwa gongo lake hewani. Kuanzia siku ile amri ya "mbele, tembea" ikafutwa. Walisubiri tu mtu aanze kuimba.

Éliézer aliipenda Jumamosi kuliko alivyodhani. Aliupenda ule mkoti wa buluu uliomkaa mabegani, na namna Antoine alivyowaambia kwamba wale watu wa foleni hawakutafuta kusifiwa, walitaka tu waandikwe majina yao kamili kwenye kitabu, kwa mara ya kwanza. Alikabidhiwa bendera. Akirudi nyumbani alimsimulia mama yake kila kitu, akichuchumaa kando ya kigoda, na mara mbili tatu aliona kona ya mdomo wake inacheza.

"Na Polycarpe anapiga ngoma? Ule hajuwe hata kupiga makofi."

"Anapiga, maman. Kuja uone."

Mama alitazama simu. Kona ya mdomo ikarudi mahali pake.

Kufa kuliachwa mwisho. Ilikuwa Mei, wiki tano kabla ya siku yenyewe ya kucheza vita mbele ya watu, Antoine alipobandika ukutani karatasi kubwa aliyoichora kwa kalamu za rangi. Alieleza kwamba kikosi kile walichokuwa wakikiiga kilishindwa siku ile ya pigano. Kilipanda mlima mbele ya bunduki, kikapigwa mikupuo mitatu ya risasi, na nusu yake ikaanguka. Ndiyo ilikuwa heshima yake: walijua, na walipanda. Kwenye mkupuo wa tatu, alisema, mimi naanguka, halafu mbeba bendera, halafu wote. Ili waelewe vizuri akajitupa sakafuni, na goti lake lile, akalala kimya, mdomo wazi.

Watu wazima kumi na wanane walisimama wakimtazama mzee amelala kama maiti kwenye ukumbi wa parokia.

"Papa Antoine, amuka," Lukman alisema taratibu. "Chini kuko baridi."

Antoine akainuka akijifuta vumbi, akacheka, akawaambia sasa zamu yao. Hapo kila mtu akaona kitu cha maana darini. Burhani alikumbuka kwamba Nuru yuko mwezi wa sita. Mwanamume mwenye mke mjamzito akijilaza kama maiti, anamwita nani? Mwingine alikuwa amewazika baba na kaka kwa mkono wake katika mji wa Baraka, na udongo haukuwa kitu cha kuchezea. Mwingine hakuwa na sababu, ila mama yake angejua. Kufa kwa mchezo, kwetu, ni kuandika barua ya mwaliko. Watu hawa walikuwa wamevuka maziwa na viwanja vya ndege kwa ajili ya jambo moja tu, wasife, na sasa wanaombwa wafanye hivyo Jumamosi mchana, mbele ya watu wanaokula vibanzi.

Wangesema hapana, mambo yangekwisha. Lakini nani atamwambia hapana mzee wa miaka sitini na saba, mgonjwa wa goti, aliyekaa usiku kucha akichora mlima kwa kalamu ya kijani? Wakafanya vile tunavyofanya sote mbele ya mkubwa tunayemheshimu.

"Oui, chef," walisema. "Tutafanya siku yenyewe. Leo parquet ya hapa chini ni chafu."

"Na wewe, Éliézer?" Antoine aliuliza. "Wewe unaanguka wa kwanza baada yangu. D'accord, tumekubaliana?"

"D'accord," alisema Éliézer, na akajichukia papo hapo.

Alijichukia zaidi usiku ule, kwa sababu mama yake, bila kuombwa tena, alisema atakuja. Alikuwa amefikiria, alisema. Précieuse, binti wa Polycarpe, angekaa kwenye simu badala yake. Lakini alikuwa na neno moja.

"Banasema kule batu banaanguka. Carine ameniambia."

"Ni muchezo, maman."

"Najua ni muchezo, mi si mujinga." Alimshika mkono, akaubana. "Éliézer, sikia. Ukilala chini, hata kwa muchezo, hata dakika moja, minarudia ku hii kiti na sitatoka tena. Nimebakia na moja wa kusimama. Usinilalie."

"Sitalala, maman," alisema Éliézer. "Nakuapia."

Kwa hiyo alikuwa na ahadi mbili mfukoni, na mfuko ni mmoja. Wiki tano nzima alizunguka nazo. Mara kumi alinyanyua simu amwambie Antoine, na mara kumi akaona aibu, akaitua.

Siku ikafika, Jumamosi katikati ya Juni, jua limetoka kwa ukarimu ambao Brussels haina mazoea nao. Uwanja ulikuwa nyuma ya makaburi ya Evere, jambo ambalo lilimfanya Lukman amuulize Antoine kama hakupata mahali pengine. Watu zaidi ya mia mbili walisimama nyuma ya kamba, na bia zao na viti vyao vya kukunja. Upande wa kuume walikuwa watu wetu, vitenge vimetandikwa, masufuria ya sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki wa kukaanga, na pilau ya Nuru iliyofunikwa kwa taulo. Walikuja kama wanavyokuja kwenye arusi, na wageni wa viti vya kukunja wakawa wananusa hewa.

Mama Éliézer alisimama mbele kabisa, tumbo limegusa kamba. Alivaa kitenge chake kizuri, kile alichovuka nacho ziwa. Éliézer akiwa chini ya mlima mdogo na bendera yake alimwona vizuri.

Juu ya mlima walijipanga askari wa sare za kijivu, upande wa wenye watumwa, thelathini hivi, wengine wamekuja kutoka Uholanzi. Antoine akachomoa upanga. Akatoa hotuba fupi ambayo upepo uliipeleka makaburini. Tonton Polycarpe akapiga ngoma, mtu akaanza kuimba, na kikosi cha kujitolea kikaanza kupanda.

Mkupuo wa kwanza ulipasuka kwa moshi mweupe na harufu kali. Ilikuwa baruti tupu, kila mtu alijua, lakini nyuma yake Éliézer alisikia pambio limekatika kidogo, kisha likarudi kwa sauti ya juu zaidi. Mkupuo wa pili. Wakapanda. Mkupuo wa tatu, na Antoine akarusha mikono, akaguna mguno mzuri sana, akazunguka nusu duara, akaanguka kifudifudi kwenye majani.

Sasa ni wewe, Éliézer.

Magoti yalianza kukunjika. Nasema kweli, yalianza, maana alimpenda yule mzee na alikuwa amesema d'accord. Kisha akageuza macho, akamwona mama yake pale kwenye kamba, mkono mmoja kichwani. Magoti yakanyooka. Akasubiri kusikia miili ikianguka nyuma yake, angalau wenzake wamwokoe na aibu. Hakusikia kitu. Akageuka. Askari kumi na sita walikuwa wamesimama wima, na Tonton na ngoma yake pembeni, wametulia kama watu wanaongoja wimbo unaofuata. Burhani alikuwa amesimama kuliko wote.

"Tombez!" Sauti ya Antoine ilitoka kwenye majani ikiwaamuru waanguke, jicho moja wazi. "Mais tombez, donc!"

Wa kijivu walipakia upya. Wakapiga mkupuo wa nne, ambao haukuwa kwenye karatasi. Hakuna aliyeanguka. Wakapiga wa tano. Kwenye viti vya kukunja mtu akacheka, mwingine akapiga makofi. Na Tonton Polycarpe, ambaye katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia la kufanya na ngoma, akaona ukimya umezidi, akaipiga.

Basi wakaenda. Wangefanya nini? Ngoma ikilia miguu inaenda. Wakampita Antoine kwa uangalifu wasimkanyage, wakaukwea mlima wakiimba, buluu tupu, bendera mbele. Huko juu kapteni wa kijivu alikuwa akigeuza karatasi yake huku na huku akitafuta ukurasa unaoeleza jambo hili. Adui alikuwa hatua kumi. Hatua sita. Mwishowe askari mmoja mnene wa kijivu, mtu mwenye huruma bila shaka, akaona mtu fulani hapa lazima afe, akashika kifua akajilaza. Jirani yake akafuata. Wakaenda mmoja mmoja, mpaka mlima wote ukajaa maiti za kizungu, na kikosi kilichotakiwa kushindwa kikasimama juu yao kikitweta, hakijui kishangilie au kiombe radhi.

Ndipo Mama Éliézer alipoivuka kamba. Kijana mwenye kitambaa cha njano mkononi alijaribu kumzuia, alimpita tu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Antoine, akainama, akamshika kwapani.

"Levez-vous, papa," alimwambia. Kifaransa chake kilikuwa cha kanisani, lakini kilitosha. "Levez-vous. Hapana kulala hapa."

Antoine alifungua jicho la pili. Alitaka kusema jambo, uso umeiva kwa hasira, ila mikono iliyomshika haikuwa ya kubishana nayo. Akasimama. Mama akamfuta majani kifuani, akamwacha, akapanda mlima. Akamwinua wa kijivu wa kwanza, kisha wa pili. Éliézer alimkimbilia.

"Maman, acha. Hawa ni bale babaya. Ndio balikuwa banataka tubakie batumwa."

"Beko na bamama," alisema Mama, akaendelea. "Simama, mutoto. Levez-vous. Na weye. Simama." Yule mnene alihitaji mikono miwili na msaada wa Burhani. Mmoja, kijana mwenye nywele nyekundu, aliona ni utani akabaki amefumba macho, na Mama akakaa naye, akampigapiga shavu taratibu, mpaka kijana akaacha utani na kuinuka mwenyewe. Aliwaamsha wote, na kila mmoja alimfuta vumbi begani kabla ya kumwacha.

Alipomaliza alisimama katikati, akageuka huku, akageuka kule, akiyapekua majani kwa macho. Éliézer akajua anatafuta nini. Akampa Burhani bendera, akamwendea.

"Bameisha?" Mama aliuliza.

"Bameisha, maman. Bote beko wima."

Alitikisa kichwa. Aliwatazama wale wote wenye buluu na wenye kijivu.

"Éliézer," alisema. "Ule mwingine sitamuinua."

Akakaa chini, pale pale, kitenge chake kizuri kwenye majani, akaachia sauti aliyokuwa ameizuia tangu Oktoba. Aaron. Aaron wangu. Aaron, mutoto wa mimi.

Tonton Polycarpe aliitua ngoma akaja akakaa kando ya dada yake, bega kwa bega. Carine na Nuru na wanawake wote wakaivuka kamba, wakatandaza vitenge, wakakaa. Burhani akakaa, Lukman naye, ulimi umelala kwa mara ya kwanza. Kikosi kizima kikakaa, vifungo vimefunguliwa. Kwenye viti vya kukunja mama mmoja alipiga makofi mawili akidhani bado ni mchezo, jirani yake akamshika mkono.

Antoine alikuja akichechemea. "Tu m'avais promis," alianza kumwambia Éliézer, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia.

"Nilikuahidi wewe, na nilimwahidi yeye," alisema Éliézer kwa Kifaransa, naye analia sasa. "Nisamehe, mzee wangu. Ni mdogo wangu. Tumempoteza vitani. Leo ndiyo siku ya kwanza mama anakaa na watu."

Antoine alimtazama Mama Éliézer. Akavua kofia yake ya kiafisa, akalikunja lile goti lililogoma kwa taabu, akikunja na uso, akakaa. Wa kijivu walipomwona hivyo nao wakavua kofia, wakakaa mmoja mmoja, hadi yule mnene mwenye majani kwenye nywele. Hakuna aliyewaambia, wala hawakujua desturi ile ya kukaa na mfiwa; walijua tu kwamba yule mama alikuwa amewainua, na sasa yeye yuko chini.

Éliézer alilia kwa raha yake. Alimlilia mdogo wake aliyerudi nyuma kumbeba jirani, na katikati ya machozi akajikuta ana furaha, furaha kweli kweli, hakuona haya nayo. Mama yake alikuwa amekaa katikati ya watu sitini, jua mgongoni, na kila mmoja wao alikuwa amelisikia jina la Aaron.

Baada ya muda mrefu Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akapumua. Akazungusha macho kwenye nyuso zile, akizihesabu kama mwenye nyumba anavyohesabu wageni.

"Hawa batu bote bamekula?"

"Bado, maman."

"Batu banakuja kukaa na weye, na haubapatie chakula? Éliézer! Mi nilikuzaa namna gani?" Akageukia wanawake. "Carine, fungua masufuria. Uanze na huyu munene, ameanguka vibaya."

Carine akaenda kuleta sahani, na Nuru akaifunua pilau.